Viwanja vya mbio vilivyomezwa na magugu

Waliozoea kuja hapa kutafuta mambo ya Python na hifadhidata wanivumilie leo. Nataka tuzungumze kuhusu magari, tena siyo magari yenyewe hasa, bali mahali ambapo magari yalikuwa yakishindana zamani na sasa pameota miti. Msikimbie! Ndani yake kuna leza, kuna mawingu ya nukta, kuna pombe haramu chini ya ardhi, na kuna fundi mmoja wa Nakuru ambaye ni mjomba wangu. Mkifika mwisho mtaona kwa nini mtu wa programu amejiingiza huko.

Mwaka 2023 kazi ilinipeleka Durham, katika jimbo la North Carolina, Marekani, kwa wiki 7. Kabla ya hapo, ujuzi wangu wote wa mbio za NASCAR ulikuwa huu: magari yanapinda kushoto, yanapinda kushoto tena, halafu mmoja anashinda. Sisi Wakenya tumelelewa na Safari Rally, iliyoanza mwaka 1953. Kwetu gari la mbio ni lile linalochomoka ndani ya vumbi likiwa limepasuka taa moja, na watoto wa shule wako juu ya miti wanapiga mayowe. Kuzunguka duara mara 400 kulionekana kwangu kama mchezo wa watu waliokosa barabara.

Mfanyakazi mwenzangu mmoja, mzaliwa wa huko huko, alinisikia nikisema hivyo tukila chakula cha mchana. Hakukasirika. Aliniambia tu, "Tazama Lost Speedways kwanza, halafu tuzungumze."

Lost Speedways ni mfululizo wa makala ya video kuhusu viwanja vya mbio za magari vilivyosahaulika. Ulianza kuonyeshwa Julai 2020 kwenye huduma ya Peacock, ukapata msimu wa pili mwaka 2021. Wanaouongoza ni watu wawili, Dale Earnhardt Jr. na Matthew Dillner. Dillner ni mtu wa kamera na mtayarishaji wa vipindi. Dale Jr. ni jina kubwa sana kule. Alishinda Daytona 500 mara 2, mwaka 2004 na 2014. Baba yake, Dale Earnhardt, alikuwa bingwa mara 7 na alikufa uwanjani, katika mzunguko wa mwisho wa Daytona 500 ya Februari 2001. Na babu yake, Ralph, alikuwa dereva wa viwanja vya udongo katika mji wa viwanda vya nguo uitwao Kannapolis.

Hebu fikiria hali ya mtu kama huyo. Baba ameondoka, babu ameondoka mapema zaidi, mwaka 1973, kabla mjukuu hajazaliwa. Ukitaka kusimama mahali ambapo babu yako alipata riziki, unakwenda wapi? Viwanja vingi vya enzi ile vimekuwa nyumba, maduka, mashamba au msitu. Huyu bwana ana hata msitu nyumbani kwake ambamo ameweka mabaki ya magari ya mbio yaliyopondeka, miti inaota katikati yake. Mtu wa namna hiyo hahitaji kushawishiwa na mtu yeyote kutengeneza makala kuhusu viwanja vilivyokufa.

Kilichonivutia ni jinsi walivyofanya kazi. Hakuna studio nzuri wala wataalamu waliopangwa mstari. Wanaingia vichakani. Wanatafuta kipande cha ukuta wa zege, wanatafuta kibanda cha kuuzia tiketi, wanasukuma matawi, halafu wanamtafuta mzee aliyewahi kukimbia pale, au mtoto wa aliyekuwa mwenye uwanja. Mzee anafika, anasimama juu ya nyasi, anaanza kunyoosha kidole: "Hapa ndipo nilipogonga. Pale ndipo mke wangu alipokuwa akikaa." Wewe unayetazama huoni kitu ila nyasi. Yeye anaona kila kitu. Ndipo nikaelewa kazi ya kamera pale ni kutunza kile anachokiona mzee, kwa sababu nyasi zitakuwepo kesho, na yeye huenda asiwepo.

Jumamosi iliyofuata nilipanda gari hadi Hillsborough, mji mdogo ulio karibu na Durham. Hapo kuna uwanja wa Occoneechee. Msimu wa kwanza wa mbio kuu za NASCAR, mwaka 1949, ulikuwa na mashindano 8 tu, na la tatu lilifanyika hapo tarehe 7 Agosti. Njia yake ilikuwa ya udongo, kama kilomita 1.4 kwa mzunguko, kando ya mto Eno. Viongozi wa dini wa eneo hilo hawakupenda kelele za mbio siku ya Jumapili, wakapambana nazo miaka mingi. Mbio za mwisho zilikuwa mwaka 1968. Mwaka uliofuata wakubwa wa NASCAR walifungua uwanja mkubwa zaidi kule Talladega, Alabama, na misonobari ikaachiwa Occoneechee.

Leo ni njia ya kutembea kwa miguu, bure. Unapita chini ya miti mirefu kabisa na ni kimya. Ukiangalia vizuri unaona unachokanyaga kimelazwa upande mmoja. Uko kwenye kona! Ngazi za zege walizokalia watazamaji bado zipo, zimejaa majani makavu. Nilikaa hapo kitambo. Mama mmoja alipita na mbwa, tukasalimiana, akaenda zake.

Jioni yake nikafanya jambo ambalo mtu wa kompyuta hawezi kujizuia kulifanya. Jimbo la North Carolina lilikumbwa na mafuriko makubwa ya kimbunga Floyd mwaka 1999. Baada ya hapo wakaamua kupima upya sura ya ardhi ya jimbo zima kwa lida ili wajue maji yatapita wapi siku nyingine. Lida ni hivi: ndege inaruka huku ikipiga miale ya leza chini, mamia ya maelfu kwa sekunde, na kifaa kinapima muda ambao kila mwale unachukua kwenda na kurudi. Msituni miale mingi inagonga majani. Lakini michache inapenya katikati ya majani, inafika chini na kurudi ikiwa imechelewa kidogo. Programu inachuja zile za majani inazitupa, inabakiza zile za ardhini. Ukishamaliza una ramani ya ardhi ikiwa imenyolewa miti yote.

Data hiyo ni ya umma. Unaipakua tu. Nikaipakua, nikaandika mistari kama 40 ya Python, nikaweka kivuli cha jua la bandia kutoka kaskazini-magharibi. Ikatokea picha ya mto, mabonde, na katikati yake duara refu lililokamilika, kingo zake zimeinuka, kama alama ya kikombe juu ya meza. Miaka 55 ya msitu haikuwa imelifuta. Watu walipima mafuriko, uwanja wa mbio ukajikuta umehifadhiwa bila mtu kukusudia.

Baada ya siku hiyo nilisoma kila nilichokipata kuhusu viwanja vya namna hii. Wacha niwape vitatu tu.

Cha kwanza ni Middle Georgia Raceway, karibu na mji wa Byron. Kilijengwa mwaka 1966. Mwaka 1967 maofisa wa serikali waligundua kwamba chini ya uwanja kulikuwa na handaki, mlango wake umefichwa sakafuni mwa kibanda cha tiketi, na ndani yake mtambo mzima wa kupika pombe haramu. Magari juu, pombe chini! Mwenye uwanja alishtakiwa, na mahakama ikamwachilia. Miaka mitatu baadaye, Julai 1970, Jimi Hendrix alipiga gitaa mbele ya umati mkubwa katika shamba la maharage ya soya lililopakana na uwanja huo.

Cha pili ni Asheville-Weaverville, katika milima ya North Carolina. Tarehe 13 Agosti 1961 lami ilianza kubomoka mbio zikiwa zinaendelea. Wakuu wakasimamisha shindano katika mzunguko wa 258 kati ya 500. Watazamaji waliolipa pesa zao wakakasirika, wakafunga njia ya kutokea kwa gari, wakawazuia madereva na mafundi wao ndani kwa saa kadhaa. Leo mahali pale pana shule ya sekondari. Najiuliza kama mwanafunzi anayeingia darasani asubuhi anajua kwamba bingwa wa mbio aliwahi kuwekwa mateka karibu na hapo.

Cha tatu ni Texas World Speedway, uwanja mkubwa wa maili 2 uliofunguliwa mwaka 1969. Kilipokwisha umuhimu, kimbunga Harvey kikaja mwaka 2017, na uwanja ukageuzwa maegesho ya maelfu ya magari yaliyoharibiwa na maji. Uwanja uliojengwa kwa magari yanayokwenda mbio kuliko yote ukamalizia maisha yake na magari yasiyoweza hata kuwaka.

Sasa tuje kwenye uwanja ambao hadithi yake ni tofauti, na ambao ndio ulionifanya niandike haya: North Wilkesboro.

Uwanja huu ulianza mwaka 1947 katika wilaya ya Wilkes, ambayo ilisifika Marekani nzima kwa pombe haramu. Vijana wa huko waliongeza nguvu injini za magari yao ili wawakimbie polisi usiku wakiwa wamebeba mzigo, na Jumapili wakashindana wenyewe kwa wenyewe. Junior Johnson, mmoja wa madereva wakubwa wa historia, alitoka hapo. Alifungwa jela kwa ajili ya pombe ya nyumbani kwao, akatoka, akarudi kwenye mbio, akafikisha ushindi mara 50. Rais Reagan alimsamehe rasmi mwaka 1986.

Njia ya North Wilkesboro ni ya ajabu: upande mmoja unateremka na upande wa pili unapanda. Inasemwa wajenzi waliishiwa pesa za kusawazisha ardhi. Mashindano ya kufunga ule msimu wa kwanza wa 1949 yalifanyika hapo, na mbio kuu ziliendelea kwa miaka 47. Kisha mwenye uwanja, Enoch Staley, akafariki mwaka 1995. Matajiri wawili wakanunua uwanja, kila mmoja sehemu yake, na kila mmoja akaichukua tarehe moja ya ratiba akaipeleka kwenye uwanja wake mwingine, mmoja Texas, mwingine New Hampshire. Mbio kuu za mwisho zilikuwa tarehe 29 Septemba 1996. Mtaona kwamba hakuna aliyeubomoa uwanja. Waliondoa tu tarehe mbili kwenye kalenda, na mvua na magugu yakafanya kazi iliyobaki. Zaidi ya juhudi fupi ya kuufufua mwaka 2010 na 2011, ulibaki hivyo.

Mwishoni mwa 2019 Dale Jr. alikuwa na wazo. Kuna kampuni iitwayo iRacing inayotengeneza programu ya kuigiza mbio za magari. Wao hawachori viwanja kwa kukisia. Wanakwenda na mashine ya leza wanaupima uwanja wote, nyufa na mabonde yake yote, ili gari la kwenye skrini litikisike pale pale gari halisi litakapotikisika. Dale Jr. alitaka North Wilkesboro upimwe kabla haujaisha kabisa. Hakuwa na ahadi ya mtu yeyote kwamba mbio zitarudi. Alitaka angalau ubaki kwenye kompyuta.

Hapa nataka watu wa programu wasikilize. Mashine ya leza inapima umbali kwa kutumia mwanga. Mwanga unakwenda sentimita 30 kwa sehemu moja ya bilioni ya sekunde. Ukitaka kutofautisha vitu viwili vilivyopishana sentimita 1, inabidi upime tofauti ya muda ya sehemu 67 za trilioni za sekunde, kwenda na kurudi. Ajabu kubwa ya uhandisi! Mashine inawekwa mahali, inajizungusha, inakusanya mamilioni ya nukta, inahamishwa, inarudia. Kisha programu inayaunganisha mawingu hayo kwa kutafuta sehemu zinazofanana na kuyasogeza kidogo kidogo mpaka yalale sawasawa.

Lakini mashine hiyo yenye akili yote hiyo ina udhaifu mmoja: haioni kilicho nyuma ya jani. Kwenye nyufa za lami ya North Wilkesboro nyasi zilikuwa zimeota miaka 23. Leza ingepima nyasi, si lami. Na uwanja si kama msitu wa Occoneechee, ambapo ulitosha kujua umbo kwa jumla. Hapa walihitaji sentimita.

Basi wakafanya nini? Desemba 2019 Dale Jr. na kundi la watu wa kujitolea walifika na mashine za kukatia nyasi, wakafyeka uwanja mzima. Marcus Smith, mtoto wa mmoja wa wale matajiri wawili na kiongozi wa kampuni inayoumiliki uwanja, ndiye aliyetoa ruhusa. Kwanza wafyekaji, halafu ndipo leza. Nimefanya kazi katika miradi mingi ya data, na naweza kuwaambia kwamba karibu yote iko hivyo. Watu huuliza umetumia algorithimu gani. Hakuna anayeuliza nani alifyeka.

Mwezi huo huo, tarehe 20 Desemba 2019, Junior Johnson alifariki akiwa na miaka 88.

Miezi michache baadaye korona ikaingia. Mbio zote zikasimama Machi 2020. Madereva wa kweli wakaanza kushindana kwenye iRacing wakiwa nyumbani kwao, na televisheni ikawa inaonyesha. Shindano la kufunga mfululizo huo, tarehe 9 Mei 2020, lilifanyika North Wilkesboro, ile ya kwenye kompyuta, iliyotokana na wingu la nukta. Denny Hamlin alishinda. Watu waliokuwa wamefungiwa majumbani wakauona tena uwanja ambao ulikuwa haujaona mbio kuu tangu 1996.

Mwaka 2021 serikali ya jimbo ikatenga dola milioni 18 kwa ajili ya ukarabati. Agosti 2022 magari yakanguruma tena pale, na Dale Jr. mwenyewe akaendesha mojawapo. Tarehe 21 Mei 2023 NASCAR ikarudi na shindano lake la nyota wote. Kyle Larson akashinda, juu ya lami ile ile ya zamani yenye viraka.

Sisemi leza ndiyo iliyoufufua uwanja. Kulikuwa na mashabiki wasiokata tamaa, wanasiasa, na pesa nyingi. Lakini watu hawapiganii kitu wasichokiona, na leza iliwaonyesha.

Haya, sasa mjomba.

Mjomba wangu ni makanika. Gereji yake ilikuwa ya mabati, kandokando ya barabara viungani mwa Nakuru, na alikuwa hapo tangu 1993. Mimi nililelewa kwa sehemu pale. Karo yangu ya chuo, ya miaka miwili ya kwanza, ilitoka kwenye shimo lile la kukagulia magari. Shujaa wake ni Joginder Singh. Mwaka 1974 Joginder aliposhinda Safari kwa mara ya pili, akiendesha Mitsubishi Lancer, mjomba alikuwa na miaka 11 na anadai alimwona akipita. Hakuna anayethubutu kumbishia.

Niliporudi kutoka Marekani nilitaka aone vipande vya makala hayo vilivyowekwa wazi kwenye mtandao. Lakini Kiingereza cha watu wa kusini mwa Marekani hata mimi kilinitoa jasho. Nikatumia programu ya bure ya kugeuza sauti kuwa maandishi, nikasahihisha ilipokosea, kisha nikaandika manukuu ya Kiswahili. Neno lililonisumbua ni lile la kona zilizoinuliwa upande wa nje. Mjomba akanitatulia bila kufikiri sana: "Hiyo ni kona iliyolazwa." Nimelitumia tangu siku hiyo.

Hadithi ya pombe chini ya uwanja ilimchekesha mpaka akafuta macho. "Wa kwetu huficha chang'aa mtoni," akasema. "Hawa wameiuzia tiketi juu yake!" Lakini tulipofika kwenye picha za watu wakifyeka nyasi na mashine ikizunguka, alinyamaza. Kisha akauliza, "Hiyo mashine inaweza kupima hata hapa pangu?"

Sikuwa nimejua. Wiki ile barabara ilikuwa imepimwa kwa ajili ya kupanuliwa, na kwenye bati la mbele la gereji kulikuwa na alama ya X nyekundu. Alikuwa amepewa siku 30.

Mashine ya leza sikuwa nayo, na bei yake haisemeki. Lakini kuna njia nyingine ya kupata wingu la nukta: picha za simu. Unapiga picha nyingi, kila moja ikiingiliana na nyenzake kwa zaidi ya nusu. Programu inatafuta alama zinazoonekana katika picha zaidi ya moja, kwa mfano kutu fulani au kichwa cha msumari, na kutokana na jinsi alama hizo zinavyosogea kutoka picha hadi picha inakokotoa simu ilikuwa wapi na kila alama iko wapi. Programu za bure zipo, kama COLMAP na Meshroom. Nilipiga picha 640 kwa siku mbili. Niliweka rula ya chuma ya mita 1 mahali panne, kwa sababu picha peke yake hazijui ukubwa: gereji na kijisanduku cha kiberiti ni sawa kwake mpaka uziambie. Laptopu yangu haikuweza kazi ile, nikakodi kompyuta ya mbali yenye kadi nzuri ya michoro kwa saa 5.

Ilitoka vizuri, isipokuwa vioo na vitu vilivyong'aa, ambavyo huwa vinaichanganya programu. Jiliwa lipo. Ukuta wa spana upo. Deni za wateja zilizoandikwa kwa chaki zinasomeka, na nimeombwa na mwenyewe nisizionyeshe hapa. Upo pia ubao wa misumari ya kutundikia funguo, na kwenye msumari wa mwisho kuna fungu la funguo za magari ambayo wenyewe hawakurudi kuyachukua.

Pamoja na picha nilirekodi sauti. Hapo niliwaiga wale wa Lost Speedways: sikumwuliza mjomba maswali makubwa ya maisha. Nilimwambia anyooshe kidole. "Hapa je?" "Hapa ndipo niliposhusha gia boksi la kwanza peke yangu." "Na pale?" "Pale alikuwa akikaa mama yako, ameleta chakula, wewe uko mgongoni." Hiyo sikuwahi kuambiwa.

Tingatinga lilifika siku ya 34. Mjomba alikuwa amekwisha kuhama, kilomita 2 hivi kutoka pale, kwenye kiwanja kisicho na shimo. Akachimba jipya, na mgongo ukaanza kumuuma. Shimo la zamani alikuwa amelichimba kwa macho tu, akilirekebisha mwaka hadi mwaka mpaka likamkaa kama kiatu, na hakuna aliyewahi kulipima. Akanipigia simu. "Mpwa wangu, ule uchawi wako unajua shimo langu lilikwenda chini kiasi gani?"

Nikafungua faili, nikapima kwenye wingu la nukta kutoka ukingoni hadi sakafuni. Mita 1 na sentimita 47 upande wa ngazi, na sentimita 52 upande wa pili. Lilikuwa limelala kidogo, oili ielekee mwisho mmoja. Hata yeye alikuwa amesahau kwamba alilifanya hivyo makusudi. Shimo jipya sasa lina vipimo hivyo hivyo.

Kwa wale watakaotaka kufanya makala ya namna hii, haya machache nimeyajaribu mwenyewe. Mpeleke mzee mahali penyewe, hata kama pamebaki nyasi tupu. Sebuleni hatakumbuka hata nusu. Sauti ni muhimu kuliko picha, kwa hiyo nunua kinasa sauti cha kubana kwenye shati kabla ya kununua kamera. Weka kipimo unachokijua ndani ya picha zako. Hifadhi faili asili mahali pawili tofauti. Na fyeka kwanza.

Mjomba amenipa majina ya mafundi wanne waliokuwa wakihudumia magari kando ya njia ya Safari miaka ya 1970 na 1980. Mkubwa wao ana miaka 79 na yuko Naivasha. Jumamosi hii naenda na simu mbili, kinasa sauti na rula yangu ya chuma. Nikirudi nitawasimulia. Kwaherini kwa leo.